Daktari, hivi tumbusi nao ni wa kuhangaikia?

Swali limetoka kwa kijana mmoja mfugaji, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo daktari. Mi mfugaji huku upande wa Ruaha. Simba wameua ng'ombe wawili wa mjomba waliolala porini, vijana wakapaka dawa ya mazao kwenye mzoga mmoja. Kesho yake tukakuta tumbusi kibao wamekufa, wengine mpaka chini ya miti huko mbali, simba hatujamuona hata mmoja. Askari wa wanyamapori walivyokuja wakawa wakali kweli, wanasema tumbusi wako hatarini kutoweka. Hivi tumbusi nao ni wa kuhangaikia? Si wapo tele? Mzoga mpaka leo upo pale pale. Na ng'ombe wa mjomba nani atamlipa?"

Marahaba kijana wangu. Mpe mjomba pole sana, ng'ombe wawili kwa usiku mmoja sio kitu kidogo, hapo kuna ada ya mtoto na pengine mahari ya mtu. Sikulaumu wala simlaumu mjomba kwa hasira. Ila kuhusu tumbusi jibu ni ndio, ni wa kuhangaikia, na kwa sasa hivi nikikaa mimi kama daktari wa mifugo nikaambiwa nichague mnyama mmoja wa porini ambaye mfugaji akimpoteza atajuta, sitataja tembo wala twiga, nitataja huyo huyo tumbusi, tai mzoga wengine mnamwita.

Sasa hapo kwenye "si wapo tele" ndipo watu wengi wanapopotea, na sishangai kwasababu ukiona mzoga mmoja una tumbusi 60 unaona hawa watu wa uhifadhi wanatutania. Lakini hao 60 sio wa kijijini kwenu. Tumbusi wetu wa Afrika hatafuti chakula kwa kunusa kama fisi, anatafuta kwa macho tu. Asubuhi anakaa juu ya mti anasubiri jua lipande, saa tatu saa nne hivi hewa ikipata joto inaanza kumnyanyua, anaenda juu kabisa bila hata kupiga mabawa, na kule juu kila mmoja anaangalia chini na pia anamuangalia mwenzake wa jirani. Mmoja akishuka wa jirani anaona, naye akishuka wa mbali zaidi anaona, wanavutana hivo hivo mpaka wanafika wa kilometa nyingi sana. Kwahiyo mzoga mmoja unakusanya tumbusi wa eneo kubwa ajabu, na ukiupaka sumu hujaua tumbusi wa kwenu, umefagia tumbusi wa wilaya nzima na wengine wa mkoa wa jirani. Hawa ndege wamefungwa vifaa vya setelaiti kule Maasai Mara wakaonekana wanavuka kuja Serengeti na kurudi kama hakuna mpaka, na sehemu kubwa ya muda wao wako nje ya hifadhi, yani wako huko kwenye malisho yenu.

Alafu kuna suala la kuzaa. Kuku wako akifa sita unaatamisha mayai basi yameisha, tumbusi hana hiyo. Chukua huyu mgongo mweupe ambaye ndiye wengi mnamuona, anataga yai 1 kwa mwaka, moja tu, dume na jike wanalilalia kwa zamu karibu miezi miwili, kinda likitoka linakaa kwenye kiota miezi minne hivi linalishwa na wazazi wote wawili, na hilo kinda lenyewe likifanikiwa kukua litaanza kutaga baada ya miaka kama mitano. Mzazi mmoja akifa kwenye mzoga wa mjomba, kinda kule juu ya mgunga nalo linakufa, maana mzazi mmoja peke yake hawezi kutafuta chakula na kulinda kiota kwa wakati mmoja. Sasa hesabu mwenyewe, ukiua wakubwa 40 asubuhi moja unahitaji miaka mingapi kuwarudisha? Na hapo ni kama hakuna mzoga mwingine wa sumu katikati, na wote tunajua utakuwepo.

Ndio maana mwaka 2015 shirika la kimataifa linalotunza ile orodha ya viumbe walio hatarini, IUCN, liliwapandisha aina nne za tumbusi wa Afrika kwa mpigo mpaka ngazi ya hatari kubwa kabisa, ile ambayo ukiipita unayokuta mbele yake ni kutoweka porini. Kuna huyo mgongo mweupe, kuna tumbusi wa Rüppell anayezaa kwenye majabali, kuna mwenye kichwa cheupe, na kuna yule mdogo mwenye mdomo mwembamba anayependa kuzunguka machinjioni. Ngusha, yule mkubwa kuliko wote mwenye kichwa chekundu kilichojaa mikunjo ya ngozi, naye yumo ngazi ya pili yake. Watafiti walipojumlisha takwimu za Afrika nzima waliona aina saba kati ya nane walizozipima zimepungua kwa asilimia 80 au zaidi ndani ya vizazi vitatu vya ndege. Na katika vifo vilivyorekodiwa vya tumbusi karibu 8,000, asilimia 61 ni sumu, 29 ni biashara ya dawa za kienyeji, 9 ni umeme wa nguzo. Mengine kama kukata migunga mikubwa ya mtoni kwa ajili ya mkaa yapo ila ni madogo ukilinganisha na sumu, na sumu nyingi ndio kama hiyo ya vijana wenu, haijawekwa kwa ajili ya tumbusi hata kidogo, imewekewa simba au fisi.

Umeuliza kwa chini chini kwamba simba hamkumuona. Hata mimi nisingetegemea mumuone. Simba akishaua na kushiba anaondoka kulala kivulini, akirudi anarudi usiku, na mara nyingi harudi kabisa akiona watu wamezunguka zunguka pale. Mchana kutwa mzoga uko wazi na wa kwanza kufika ni tumbusi, wakifuatiwa na mbweha, mbwa wenu wenyewe, korongo wale wenye mfuko shingoni. Ndio wanaokula dozi. Simba wakati mwingine anakufa kweli, pale karibu na Ruaha mwaka 2018 walikufa simba 6 kwa sumu na tumbusi zaidi ya 70 tukio hilo hilo moja, na mwaka huo huo kule hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, walikufa simba 11 wengi wao watoto. Lakini hata simba akifa hujamaliza tatizo lako, maana eneo likibaki wazi wanakuja simba vijana kulijaza, na simba kijana asiyejua eneo ndiye msumbufu zaidi kwenye mifugo.

Hiyo dawa nayo tuiongelee maana naona watu wanaishika kama chumvi. Hujaniambia ni ipi, lakini zinazotumika sana ni za jamii ya kabamate, na maarufu kuliko zote ni kabofurani, zile punje ndogo za rangi ya zambarau za kuulia wadudu shambani. Kenya ilishaleta kelele kubwa juu yake mpaka mtengenezaji akaiondoa sokoni huko mwaka 2009. Inachofanya ni kuzuia kimeng'enya kinachoiambia misuli "sasa legea", kwahiyo misuli inakaza haiachii, mate yanatoka, mnyama anatetemeka, mwisho misuli ya kupumulia nayo inagoma. Ukikuta tumbusi aliyekufa na hii utamjua tu, gole, ule mfuko wa chakula shingoni, limejaa nyama kwasababu hakupata hata muda wa kuisaga, makucha yamekunjwa ngumi, mabawa yamefunguka nusu, kichwa kimechimbia kwenye udongo, na yuko mita mia mbili tatu tu toka kwenye mzoga. Angalia na inzi, utakuta wamelala wamekufa juu ya nyama kama mtu kamwaga pilipili manga. Na binadamu ana kimeng'enya hicho hicho. Mtoto anayeokota mfupa, mama anayechota maji ya kijito kilicho chini ya hapo, mbwa anayerudi nyumbani na kipande mdomoni na kulamba vyombo, hao wote wamo kwenye hesabu na hakuna aliyewapa taarifa.

Haya, tukiwapoteza tunapoteza nini. Hapa ndipo nataka usome taratibu.

Laikipia nchini Kenya walifanya jaribio, matokeo yalitoka 2012. Waliweka mizoga, mingine tumbusi wanafika, mingine wamezuiwa. Pale ambapo tumbusi hawakufika mzoga ulikaa karibu mara tatu ya muda kabla haujaisha, na fisi na mbweha waliokuja waliongezeka mara tatu, na wakawa wanakaa pamoja pale kwa muda mrefu zaidi, wanagusana, wanaumana, wanaambukizana. Maana yake kwa lugha ya zizini ni kwamba ukiua tumbusi unamfuga fisi. Chakula alichokuwa ananyang'anywa na tumbusi mchana sasa anakipata chote. Na mbwa wa mitaani naye hivo hivo.

Kama huamini muulize Mhindi. Kule miaka ya 1990 wafugaji walianza kuwapa ng'ombe dawa ya maumivu inaitwa diklofenaki, dawa nzuri tu hata sisi binadamu tunameza. Ng'ombe akifa akiwa nayo mwilini, tumbusi akila nyama ile figo zinakufa. Ilichukua miaka kujua chanzo, walikuja kukithibitisha mwaka 2004, na kufikia hapo aina moja iliyokuwa imejaa mpaka mijini ilikuwa imebaki chini ya 1 kwa kila 100. Mizoga ikaoza mashambani na kando ya mito, mbwa wakazaliana, kichaa cha mbwa kikawa juu. Kuna utafiti wa wachumi wa mwaka 2024 uliokadiria vifo vya ziada vya watu karibu 500,000 ndani ya miaka mitano tu kwenye maeneo yaliyopoteza tumbusi. Laki tano! India wakaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Na hapa nachomekea la kwangu la udaktari, ukienda duka la pembejeo na ng'ombe wako anachechemea, ukipewa diklofenaki kataa, omba meloksikamu, inatuliza maumivu vizuri na ilishapimwa kwa tumbusi ikaonekana haiwadhuru.

Watu huwa wananiambia "lakini daktari si ndio wanasambaza kimeta hao?" Hapana, ila sitaki nikudanganye kwamba wanakimaliza chote. Tumbo la tumbusi lina tindikali kali mno, vijidudu vingi vinavyotuua sisi vinafia humo, na kwa kuumaliza mzoga haraka wanapunguza muda wa vijidudu kuzaliana. Ila ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo limejaa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma, huyo usimuachie tumbusi wala usimchune wala usigawane nyama hata kama ni Idd, muite daktari wa mifugo, achomwe au azikwe kwa kina. Kimeta ukikipasua ukakiachia hewa kinakaa kwenye udongo miaka na miaka.

Majangili nao wana sababu yao tofauti kabisa. Tumbusi wakizunguka angani askari wanajua kuna kitu kimeuawa pale chini, kwahiyo jangili akishang'oa pembe anaumwagia mzoga wa tembo sumu kusudi, anaua walinzi wa bure. Botswana mwaka 2019 walikufa tumbusi 537 kwenye mizoga ya tembo watatu tu. Na kuna soko la vichwa, watu wanaaminishwa ubongo wa tumbusi unaonyesha mambo yajayo, Guinea-Bissau walikufa zaidi ya 2,000 kati ya mwaka 2019 na 2020 kwa mambo hayo ya imani. Mi nasema hivi, kama tumbusi angekuwa anaona ya mbele asingetua kwenye mzoga wa mjomba wako.

Turudi kwa simba, maana najua ukishasoma yote hayo bado usiku unaingia na ng'ombe wapo.

Umesema mwenyewe waliolala porini. Hapo ndipo jibu lilipo. Ng'ombe wengi wanaoliwa na simba ni waliopotea jioni au waliochungwa na watoto wadogo wakaachwa nyuma, wanaofuata ni waliotoka zizini wenyewe kwa hofu. Simba mara nyingi haruki kuingia, anakuja upande wa upepo, ng'ombe wanapata harufu yake, wanachanganyikiwa, wanasukumana mpaka ukuta wa miiba unapasuka, wakitoka nje ndio anachagua. Kwahiyo kuhesabu jioni kabla giza halijaingia ni kazi ya mtu mzima, sio ya mtoto wa miaka nane. Akikosekana mmoja atafutwe usiku ule ule kwa tochi na mbwa na watu zaidi ya mmoja, au mkubali kwamba yupo rehani.

Zizi nalo, hiyo miiba mikavu inayobomoka kila masika haitoshi. Wavu wa waya ule wa fensi ukizungushwa ndani ya miiba, nguzo karibu karibu, ng'ombe hatoki hata akihofia, na simba akiwa haoni upenyo anazunguka anaondoka. Ni ghali, sikatai, ndio maana ulizeni kijijini, maeneo ya huko Ruaha kuna miradi ya uhifadhi inayochangia gharama na mfugaji anatoa sehemu yake. Simanjiro wao wanatumia uzio hai, nguzo ni miti mibichi inayochipua, waya unafungwa kwenye miti hiyo, kadri miaka inavyokwenda ukuta unazidi kuwa mnene badala ya kuoza. Kuna na taa za kuwaka na kuzima, ile alianza kijana wa Kimaasai wa Kenya, Richard Turere, akiwa bado mtoto kabisa, aliona simba anaogopa mwanga unaotembea akaunga taa na betri ya gari. Zinasaidia, ila simba wanazizoea kama ziko sehemu ile ile miezi na miezi, kwahiyo zihamishe hamishe na usizitegemee peke yake. Mbwa ndio siku zote nasema, mbwa watatu wanaobweka vizuri ni bora kuliko vijana sita wenye mikuki waliolala fofofo. Wachanjwe kichaa tu.

La malipo. Serikali ina kitu kinaitwa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kufa, kipo kwenye kanuni za mwaka 2011. Sio fidia, wenyewe wanasisitiza hivo, na ukweli hakifikii bei ya ng'ombe mnadani hata nusu, kinachelewa pia, hapo mnachonung'unikia nawaelewa na mi nadhani ni sehemu ya sababu vijana wanakimbilia sumu. Ila mjomba asiache kudai. Atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyo hiyo, nyayo ziwe bado zipo, apige picha mzoga na alama za meno shingoni. Na hapa kuna tatizo la wazi, mzoga ukishapakwa sumu kesi inageuka, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyamapori kwa sumu, badala ya kuwa mlalamikaji unajikuta unatafutiwa pingu. Kwa ng'ombe wawili hawa asidanganye, aeleze ilivyokuwa, yule wa pili ambaye hakupakwa dawa ushahidi wake bado ni safi.

Na huo mzoga uliobaki pale, tafadhali leo hii, usisubiri kesho. Mpigie yule askari wa wanyamapori hata kama alikufokea, mwambie mnataka kuuteketeza, maana wao pia watataka kuchukua sampuli na kuhesabu ndege kwanza. Mfunge mbwa, watoto wasisogee. Msishike kwa mikono mitupu, vaeni glavu au hata mifuko ya nailoni miwili miwili, simameni upande ambao moshi hauwaelekei. Kusanyeni na tumbusi wote waliokufa mpaka wale wa chini ya miti, kwasababu magole yao yana nyama ya sumu na atakayewala naye anakwenda, kisha kuni nyingi, nyingi kweli kweli, mpaka mifupa iwe majivu, majivu yazikwe mbali na maji. Mkikuta tumbusi anayehema bado muwekeni kivulini kwenye boksi lenye matundu, msimpe maji wala chakula, muite daktari wa mifugo haraka, kuna sindano ya atropini na akiwahiwa anaweza kupona, nimeona ndege aliyekuwa hawezi kuinua shingo asubuhi akaruka baada ya siku chache. Mtu yeyote aliyegusa akianza kutoka mate, jasho, macho kufifia, moja kwa moja hospitali na mueleze daktari ni dawa gani, chukueni na chupa.

Iliyobaki kwenye chupa msimwage mtoni wala chooni. Ipelekeni kwa afisa kilimo wa kata, aiwasilishe kwa TPHPA ambao ndio mamlaka ya viuatilifu, na wale vijana waambieni wenyewe waibebe.